Mwolyo Ukiisha, Kazi Ibaki

Ndugu msomaji, kama una jamaa Ukambani, bila shaka neno "mwolyo" si geni masikioni mwako. Ndilo jina ambalo watu wa Kitui na Makueni hulipa chakula cha msaada: mahindi, maharagwe, mafuta ya kupikia, na foleni ndefu ya kusubiri jina lako liitwe. Wapo waliozaliwa katika foleni hiyo na sasa wanawapeleka wajukuu wao huko huko.

Waulize wazee wako nao watakuhesabia miaka kwa majina ya njaa. Ile ya 1961 iliitwa njaa ya ndeke, yaani ndege, kwa sababu chakula kilidondoshwa kutoka angani. Ya 1984 ikaitwa "nikwa ngwete", maana yake nafa huku nimeshika. Watu walikuwa na pesa mkononi, lakini dukani hakukuwa na unga. Jina hilo moja linatosha kukuonyesha kwamba kumtumia mama pesa kila mwezi, hata kama unafanya hivyo kwa moyo mweupe, si dawa ya kila kitu.

Kwa miaka mingi Serikali na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, wametumia njia ya chakula kwa kazi. Mtu anachimba, anapata mgawo; baadaye mgawo huo ukageuzwa kuwa pesa. Hii ni afadhali kuliko kupewa bure, lakini jiulize: mgawo ukikoma, aliyechimba anabaki na nini? Kama alichimba barabara ambayo mvua ya kwanza iliifagia, amebaki na jembe lililochakaa.

Lakini tazama bwawa la mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba, kukatiza mto wa msimu. Mafuriko huja na mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake, mbali na jua kali. Shirika la SASOL limesaidia wanavijiji wa Kitui kujenga mamia ya mabwawa haya tangu miaka ya 1990. Mawe na mchanga wa kujengea huletwa na wanakijiji wenyewe, katika ule utaratibu wao wa zamani wa kusaidiana uitwao mwethya. Mama aliyekuwa akipoteza nusu siku akifuata maji sasa hunyunyizia sukuma wiki na nyanya, akauza. Hiyo ni ajira, hata kama haina barua ya kuandikwa kazi.

Maji peke yake hayatoshi, lazima awepo mnunuzi. Wakulima wa Makueni wanajua uchungu wa maembe kuiva yote kwa wakati mmoja, na dalali akataja bei anayotaka yeye. Ndiyo sababu kaunti hiyo ilijenga kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba, kilichoanza kazi mwaka 2017. Kitui nayo ilifungua kiwanda cha nguo cha KICOTEC, pale Syongila, mwaka 2018. Vijana wakafundishwa cherehani, na janga la korona lilipoingia mwaka 2020 wakashona barakoa kwa wingi. Mimi nasifu juhudi hizo, ila kiwanda cha kaunti hutegemea zabuni, na zabuni hutegemea nani yuko ofisini. Cherehani bila oda ni samani tu.

Wapo pia wasioweza kufanya kazi, na hao wasisukumwe kwenye mitaro. Mzee wa miaka 70 aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupata Sh2,000 kwa mwezi. Ni haki yake, ingawa fedha hizo mara nyingi huchelewa.

Basi wewe uliye mjini, kabla ya kutuma pesa za unga mwezi Januari, fikiria kutuma sehemu yake Agosti. Zitalipa vijana wa kijijini kuchimba matuta ya "fanya juu", yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili kuzuia maji yasikimbie. Zitanunua pia mbegu za ndengu, ambazo hukomaa upesi kuliko mahindi. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na matuta lazima yawe tayari kabla haijaanza.