Namba Kwenye Foleni

Alasiri ya tarehe 15 Januari 2009, ndege ya US Airways iliruka kutoka uwanja wa LaGuardia, New York, na kabla haijafika mbali ikagongana na kundi la mabata bukini. Injini zote mbili zikapoteza nguvu. Dakika chache baadaye ilikuwa ikielea juu ya maji baridi ya Mto Hudson, na watu wote 155 waliokuwamo wakatoka hai. Dunia nzima ikamjua kapteni Chesley Sullenberger.

Katika shangwe ile, vitu viwili vidogo viliwapita wengi. Redioni ndege hiyo ilikuwa ikiitwa Cactus, jina lisilofanana hata kidogo na US Airways. Na rubani msaidizi, Jeffrey Skiles, ambaye alikuwa na zaidi ya saa 15,000 za kuruka maishani mwake, alikuwa na saa 37 tu kwenye ndege aina ya Airbus A320. Aliwahi kuwa kapteni. Shirika lilipopungua, alirudishwa kwenye kiti cha kulia akiwa na mvi zake.

Hakuna aliyemrudisha nyuma kwa kosa. Ni foleni tu.

Katika mashirika makubwa ya Marekani, rubani anapoajiriwa hupewa namba. Namba hiyo ndiyo nafasi yake kwenye orodha ya ukongwe, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu kwenye maisha yake ya kazi: ataruka ndege gani, atakaa kiti cha kapteni au cha msaidizi, kituo chake kitakuwa mji upi, Krismasi atakuwa nyumbani au hotelini, na siku shirika likipunguza watu, nani ataanza kutoka. Wanaochagua ratiba huchagua kwa zamu kuanzia juu. Wa mkiani hupokea makombo, na mara nyingi hukaa zamu za kusubiri kuitwa. Mshahara nao hufuata, kwa sababu saa moja ya kapteni kwenye ndege pana ya kimataifa hulipwa zaidi sana kuliko saa moja ya msaidizi kwenye ndege ndogo.

Kwa msomaji wa kawaida, hilo linaweza kuonekana kama utaratibu wa kawaida wa ofisini. Sivyo. Daktari bingwa akihama hospitali, anahama na ubingwa wake, na huenda akaongezewa mshahara njiani. Kapteni mwenye miaka 20 ya kazi akihamia shirika jingine anaanza mwisho wa foleni, kwa mshahara wa mgeni, chini ya kijana aliyeingia wiki iliyotangulia. Leseni inahama naye, saa zake za kuruka zinahama naye, lakini namba haihami. Mfumo huu una sababu zake. Unamzuia meneja asimpandishe shemeji yake, na unampa rubani ujasiri wa kukataa kuruka ndege asiyoiamini bila kuhofia kunyimwa cheo. Gharama yake ni kwamba rubani ameolewa na shirika moja, na talaka ni ghali mno.

Sasa chukua foleni mbili za namna hiyo, uambiwe mlango umebaki mmoja.

Mwaka 2005 ndivyo ilivyotokea. US Airways, shirika la zamani la pwani ya mashariki, lilikuwa limekimbilia hifadhi ya mahakama ya ufilisi mara mbili, mwaka 2002 na tena 2004. Mfuko wa pensheni wa marubani wake ulikuwa umevunjwa mwaka 2003. Mishahara ilikatwa, na marubani wengi walikuwa nyumbani bila malipo wakisubiri kuitwa tena. Upande wa pili kulikuwa na America West, shirika changa lililoanza kuruka mwaka 1983, lenye makao Arizona, nchi ya jangwa na madungusi. Ndiyo asili ya jina lile la redioni: cactus ni dungusi. Muungano ulikamilika Septemba 2005. Jina la biashara likachukuliwa la mashariki, uongozi ukatoka magharibi.

Kwa wenye hisa hiyo ilikuwa kazi ya wanasheria na wahasibu. Kwa marubani swali lilikuwa moja: nani atangulie?

Wa mashariki walisema tarehe ya kuajiriwa ndiyo haki. Kwao kulikuwa na watu waliovumilia zaidi ya miaka 15 na bado walikuwa mkiani, wengine wakiwa wamepumzishwa kabisa. Wa magharibi walijibu kwamba shirika la wenzao lilikuwa linakata roho, na mtu asiye na kazi hawezi kuletwa na muungano akakalia kiti cha aliye nacho. Kijana wao aliyeajiriwa miezi michache kabla ya muungano alikuwa kazini. Mkongwe wa mashariki alikuwa nyumbani. Ukiwasikiliza kwa zamu, kila upande unakushawishi, na hapo ndipo ugumu ulipo: hii haikuwa kesi ya mwizi na mwenye mali.

Pande zote mbili zilikuwa chini ya chama kimoja cha marubani, ALPA, na kanuni zake ziliwapeleka kwa mwamuzi. George Nicolau akatoa uamuzi wake Mei 2007. Marubani 517 wa mashariki wakawekwa juu kabisa, kwa sababu magharibi haikuwa na ndege pana walizokuwa wakiruka. Waliobaki kazini wakachanganywa kwa uwiano wa nafasi walizokuwa nazo kwenye foleni zao. Waliokuwa wamepumzishwa wakawekwa chini, ukongwe wao wote ukiwa mikononi.

Mashariki ikalipuka. Na kwa kuwa idadi yao ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wenzao, walikuwa na silaha ambayo mwamuzi hakuwa nayo: kura. Mwaka 2008 walikiondoa ALPA na kuweka chama kipya, USAPA, kilichoahidi orodha kwa tarehe ya kuajiriwa. Wa magharibi wakaenda mahakamani Phoenix, wakashinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwaka 2009. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikafuta ushindi huo, ikisema shauri limeletwa kabla ya wakati, maana hakuna orodha yoyote ya pamoja iliyokuwa imeanza kutumika.

Basi abiria wakawa wanapanda ndege zenye rangi moja, zinazoitwa jina moja redioni, zikiwa na cheti kimoja cha serikali tangu 2007, huku ndani kukiwa na mashirika mawili. Rubani wa mashariki hakuruka na wa magharibi. Mikataba ilikuwa miwili na mishahara miwili. Kwa kuwa mkataba mpya wa pamoja ulikuwa umefungwa kwenye orodha ya pamoja, walioikataa orodha walijikuta wakiendelea kulipwa kwa viwango vya enzi za ufilisi, mwaka baada ya mwaka. Ukaidi ule uliwagharimu fedha nyingi wao wenyewe. Juu ya hayo, Desemba 2007 umri wa kustaafu kwa marubani wa Marekani ulisogezwa kutoka miaka 60 hadi 65, na foleni iliyokuwa ikisogea kwa wazee kuondoka ikasimama.

Sullenberger alikuwa wa mashariki. Mwezi mmoja baada ya Hudson aliketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na badala ya kusimulia ushujaa alizungumzia mshahara uliokatwa kwa asilimia 40 na pensheni iliyopotea. Alisema hamjui rubani hata mmoja anayetaka mwanawe afuate nyayo zake.

Kauli hiyo ilikuwa na ushahidi wa kusikitisha wa mwezi huohuo. Mashirika makubwa yalipokuwa yakipungua na kuungana, safari fupi zilikuwa zikikabidhiwa makampuni madogo ya mkataba, ambayo ndege zake hupakwa rangi za mkubwa. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya kampuni ya Colgan, iliyokuwa ikiruka kwa jina la Continental, ilianguka karibu na Buffalo. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba iliyoangukiwa. Uchunguzi ulifungua pazia ambalo abiria hakulijua: rubani msaidizi alikuwa akilipwa takriban dola 16,000 kwa mwaka, na alikuwa amesafiri usiku kucha kuvuka nchi ili aanze kazi. Kapteni aliajiriwa akiwa na saa 618 tu, na baadhi ya mitihani aliyoshindwa huko nyuma mwajiri hakuijua.

Bunge likabadilisha vigezo vya ajira. Sheria ya mwaka 2010, iliyoanza kuuma mwaka 2013, ilitaka rubani msaidizi wa ndege za abiria awe na saa 1,500, na pungufu kwa waliotoka jeshini au kwenye vyuo vya urubani. Hapo awali saa 250 na leseni ya biashara zilitosha. Sheria hiyohiyo iliagiza hifadhi ya kumbukumbu za marubani, ili mwajiri asiuziwe mbuzi ndani ya gunia. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba marubani wote wawili wa Buffalo walikuwa na zaidi ya saa 1,500 siku ya ajali. Saa ni rahisi kuhesabu, ndiyo maana wanasiasa wanazipenda. Uchovu, mshahara na ubora wa mafunzo havihesabiki kirahisi namna hiyo.

Kwa upande wa foleni, sheria nayo ilikuja. American Airlines iliponunua shirika la TWA mwaka 2001, wahudumu wote wa ndege wa TWA waliwekwa mkiani, na kufikia mwaka 2003 wote walikuwa wamesimamishwa. Hasira hiyo ilizaa sheria ya McCaskill-Bond, Desemba 2007: orodha za wafanyakazi wa mashirika yanayoungana sharti ziunganishwe kwa haki, na wakishindwana waende kwa mwamuzi. Delta na Northwest walijifunza haraka. Mwaka 2008 walikubaliana mkataba wa pamoja wa marubani kabla muungano haujakamilika, na kabla mwaka haujaisha waamuzi walikuwa wametoa orodha.

US Airways ilisubiri zaidi. Desemba 2013 iliungana na American, na mgogoro ukahamia nyumba kubwa. Juni 2015 mahakama ya rufaa ilisema USAPA iliwanyima marubani wa magharibi uwakilishi wa haki. Septemba 2016 waamuzi watatu wakatoa orodha moja iliyowachanganya marubani wa American, wa mashariki na wa magharibi. Rubani aliyekuwa na miaka 54 siku mashirika yale mawili ya kwanza yalipoungana alikuwa ameshafikisha 65 na kurudisha sare yake, bila kuiona namba yake mpya.