Mtama mwekundu hauongezi damu kwa wekundu wake

MAMA mmoja alimleta mwanawe wa miaka mitatu katika kliniki yangu majuzi. Mtoto alikuwa mnyonge, viganja vimekwajuka. Tulipompima damu, hemoglobini ilikuwa gramu 8 kwa desilita, ilhali umri huo haifai kupungua 11.

"Lakini daktari, kila asubuhi mimi humpa uji wa mtama mwekundu. Si huo ndio unaoongeza damu?" akaniuliza.

Wengi mjini huamini hivyo. Ni kweli mtama una madini ya chuma, lakini wekundu si dalili ya chuma. Isitoshe, baadhi ya aina za mtama zina tanini, jamii ya vitu vinavyoipa chai ya rangi ukakasi. Tanini hushikana na chuma tumboni, na kiasi kingi hutoka na choo kabla ya kufaidi damu.

Je, utautambuaje mtama wenye tanini? Kwa macho, ni vigumu. Tanini hukaa katika utando mwembamba chini ya ganda la punje. Kuna mtama mwekundu usio nayo kabisa, na mweupe ulio nayo.

Hapa ndipo elimu ya jeni inapotufaa. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha jenomu ya mtama, yaani maandishi yote ya urithi wake, herufi zipatazo milioni 730 katika kromosomu 10. Mwaka 2012 ikatambuliwa jeni iitwayo Tan1. Ikiwa na kasoro, mmea hautengenezi tanini. Zamani mtaalamu wa mbegu alisubiri mtama ukomae ndipo apime punje. Njia mojawapo ni kuziloweka katika dawa ya kupaushia nguo, na zenye tanini hugeuka nyeusi. Sasa anaweza kukata kipande cha jani la mche mchanga, asome DNA yake, na kubaki na miche anayoitaka tu. Huku si kutengeneza GMO. Mimea huchavushwa kama kawaida.

Mbona basi tanini isiondolewe katika mtama wote? Muulize mkulima anayeamka alfajiri kufukuza kwelea. Ndege hao huuepuka mtama wenye ukakasi wakipata mwingine, na mtamu huweza kumalizwa shambani. Kwa maoni yangu mbegu za aina zote mbili zinahitajika, lakini unga wa uji wa watoto ungefaa kuandikwa kwenye pakiti kama una tanini au la.

Mtoto yule sikumlaumia uji peke yake. Tulimpima malaria na minyoo, nikampa dawa ya chuma. Mama nilimwambia auchachue unga siku moja au mbili kabla ya kuupika, ampe mtoto chungwa au papai pamoja na uji, na chai asimpe kabisa wakati wa chakula. Tutampima damu tena baada ya wiki nne.