Kutoka Lumbadzi hadi Karonga: Safari ya hema, ziwa na mifupa ya kale

Na Mwandishi Wetu, Lumbadzi

ZIPU ya hema letu ilikatika siku moja kabla ya safari. Hapa Lumbadzi, kaskazini mwa Lilongwe, tulielekezwa kwa fundi cherehani katika soko la Dzaleka, wilayani Dowa.

Fundi ni Mkongo kutoka Uvira. Alilikagua hema, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kwao: "Ndugu yangu, munalipa pesa ili mulale ndani ya hema?" Tulicheka wote, lakini swali lile tulisafiri nalo.

Dzaleka ilikuwa gereza. Mwaka 1994 ikawa kambi ya wakimbizi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika kila pembe ya soko. Sera ya Malawi inawataka waishi kambini. Kutoka ni kwa kibali.

Sisi hatukuomba kibali cha mtu. Alfajiri tulishika barabara ya M1 kuelekea kaskazini, tukapita Mponela na mashamba ya tumbaku ya Kasungu. Baada ya hapo ni misitu ya misonobari ya Chikangawa, ambako baridi ya Juni hukufanya utafute sweta hata saa sita mchana. Kutoka Mzuzu barabara inapinda milimani hadi Chiweta, halafu inashuka kwa kona kali, na ghafla ziwa linatandaa mbele yako. Wamalawi huliita Ziwa Malawi, Watanzania Ziwa Nyasa.

Tulipiga hema Chitimba, kwenye mchanga wa ufukweni. Msafiri anayetaka kulala nje achague miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, na asioge ziwani kabla ya kuwauliza wenyeji kuhusu mamba na kichocho.

Asubuhi tuliendelea hadi Karonga, kwenye makumbusho ya mji huo yaliyofunguliwa mwaka 2004. Ukiingia unapokewa na mfano wa kiunzi cha Malawisaurus, dinosaria mla majani ambaye mifupa yake ilifukuliwa wilayani humo mwaka 1924. Hapo pia utasoma habari za taya la Uraha, lililopatikana mwaka 1991. Ni la binadamu wa kale aliyeishi zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na ni ndugu wa mabaki yaliyopatikana Kenya, kando ya Ziwa Turkana. Watu wa kale walitembea katika Bonde la Ufa kabla ya mipaka.

Karonga ina kumbukumbu nyingine, chungu. Katika karne ya 19 Mlozi, mfanyabiashara Mswahili, alijijengea ngome hapa, akiuza pembe za ndovu na watumwa. Wangonde waliteseka sana mikononi mwake. Waingereza walimnyonga mwaka 1895. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuipita habari hiyo kama ya watu wengine: lugha yetu iliwahi kufika katika mji huu pamoja na minyororo.

Siku hizi inafika kwa njia nyingine. Mpaka wa Songwe na Tanzania uko karibu, na wakimbizi wengi wanaokwenda Dzaleka huingilia Karonga. Ndiyo barabara tuliyoifuata sisi, ila wao huipita wakielekea kusini, wamebeba walichoweza kuokoa.

Tuliporudi tulimpitia fundi. Alituambia kwamba Karonga anaijua: alipita hapo usiku, ndani ya lori, na hakuona kitu. Tulimwonyesha picha ya Malawisaurus katika simu. Aliitazama kwa muda mrefu, akawaita wanawe waje waione. Kisha akauliza kiingilio cha makumbusho ni shilingi ngapi, akajirekebisha: kwacha ngapi.

Tulimtajia. Hakikuwa kikubwa. Kilichobaki ni kibali.