Masahibu Juu ya Barafu

Katika jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki ya Marekani, imo safu ya milima iitwayo White Mountains, ambayo kwa urefu haifikii hata theluthi ya Kilimanjaro, maana kilele chake kipitacho vyote, Mlima Washington, kina mita 1,917 tu. Walakini wapandaji waliokwisha kukanyaga milima mikubwa ya dunia huitaja kwa hadhari. Tarehe 12 Aprili 1934, watumishi wa kituo cha hali ya hewa kilichoko juu ya kilele hicho walipima upepo wa kasi ya kilomita 372 kwa saa, na miaka zaidi ya sitini ikapita kabla kituo chochote cha ardhini hakijapima upepo uliouzidi. Hata hivyo, kila mwaka msimu wa baridi uingiapo, watu huandamana makundi kwa makundi, wakapanda alfajiri na kurudi jioni, kwa furaha ya nafsi zao tu.

Matembezi mashuhuri ya siku moja katika milima hiyo ni mzunguko wa Franconia, mwendo wa kama kilomita 14. Njia huanzia bondeni, ikapanda kwa upande uitwao Falling Waters, kando ya maporomoko ya maji ambayo wakati huo huwa yameganda yakawa kuta za barafu, ikatokea juu ya mgongo wa mlima, ikapita vilele vya Little Haystack, Lincoln na Lafayette, kisha ikateremka kwa upande wa Old Bridle Path. Baina ya kilele cha kwanza na cha mwisho, karibu kilomita tatu, hapana mti wa kuzuia upepo, na mpitaji huwa tajiri wa mandhari na maskini wa sitara. Nyumba ya wapandaji iitwayo Greenleaf, iliyo chini ya Lafayette, hufungwa msimu huo. Desturi ya kupandia Falling Waters ina hekima yake, kwa kuwa upande huo ni mkali zaidi, na juu ya barafu kupanda ni salama kuliko kushuka: apandaye huona mahali pa kukanyaga, na uzito wake huuegemea mlima.

Mgeni hudhani kuwa theluji ndiyo itelezayo, kumbe theluji mpya aghalabu huushika mguu. Hatari ni barafu, nayo huzaliwa kwa njia nyingi: theluji iliyokanyagwa na watu wengi hushindiliwa hata ikawa ngumu kama sakafu, vuguvugu la mchana huyeyusha tabaka ya juu, usiku ukaigandisha, na maji yavujayo katika nyufa za majabali huganda yakitiririka. Wenye elimu ya maumbile hueleza kuwa uso wa barafu una utando mwembamba mno, ambao chembe zake hazikushikamana sawasawa, mfano wa maji. Kwa sababu hiyo barafu iliyo karibu na kuyeyuka huteleza kuliko iliyoganda kwa baridi kali. Dawa yake ni chuma. Penye njia ya kawaida, minyororo yenye meno mafupi huvalishwa chini ya buti. Penye mteremko mkali, hutakiwa vyuma vya meno marefu na shoka la barafu mkononi.

Adui wa pili hutoka mwilini mwa mpandaji mwenyewe, naye ni jasho. Nguo iliyolowa huupoteza upesi ujoto wa mwili, na pamba, tuipendayo sana pwani, hunywa maji isikauke, hali sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Kwa hiyo wazoefu huanza safari wakihisi baridi kidogo, wakavua vazi kabla ya kutoka jasho na kulivaa tena kabla ya kutetemeka. Wafikapo mgongoni upepo hutoza ushuru wake: hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri, ikivuma kwa kilomita 50 kwa saa, huuadhibu uso ulio wazi kama hewa iliyokaribia utulivu ya nyuzi 29 chini ya sifuri.

Hapo ndipo hudhihirika faida ya usuhuba. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, ulimi huwa mzito, vidole hushindwa kufunga kamba, miguu hujikwaa, na akili hupungua bila mwenyewe kuhisi. Akiulizwa husema hajambo, akiulizwa tena hukasirika. Kadhalika ngozi ya pua na mashavu inapoanza kuganda hupauka na kufa ganzi, hivyo mwenyewe hana habari. Kinyozi hajinyoi: kwa baridi ya namna hii, mwenye kudhurika ndiye wa mwisho kujua, na jicho la mwenzake ni chombo cha lazima, sawa na dira, taa ya kichwani na chupa ya chai ya moto vilivyomo katika shanta. Kwa hiyo masahibu wenye adabu ya mlima hutazamana nyuso kila wasimamapo, na mwendo huwa ule wa aliye mzito kuliko wote.

Limebaki suala la wakati. Mwezi wa Desemba jua la huko huzama kidogo baada ya saa kumi alasiri, saa ambayo kwetu Mombasa na Unguja watu huwa wangali sokoni. Huamuliwa kabla ya kuondoka, akili zingali timamu, ni saa ngapi kundi litageuka hata kama kilele ki karibu kuguswa, maana anguko moja la kuvunja mguu, ambalo mchana ni dhiki, usiku huweza kuwa mauti. Basi kundi lifaalo kwa safari hii ni lile ambalo mnyonge wake aweza kusema "turudi" bila kuona haya, na wenye nguvu wakageuka bila kununa.