Uzito Hautii Amri: Kamba ya Chuma na Usalama wa Kreni

Lori la jeshi likitumbukia mtaroni, injini ikihitaji kung'olewa karakanani, au polisi wakitaka kuondoa barabarani gari lililopinduka, kreni ndiyo inayoitwa. Lakini nguvu yote ya mtambo huo hutegemea kamba ya chuma. Hivyo tumeona yafaa tuwakumbushe askari wenzetu jinsi ya kuichagua kamba hiyo.

Kamba ya chuma ya kisasa ilianza mwaka 1834, kwa kazi ya Wilhelm Albert, ofisa wa migodi huko Clausthal, Ujerumani. Minyororo iliyotumika migodini ilikuwa na kasoro moja kubwa: pete moja ikikatika, mzigo wote huanguka. Albert alisokota nyaya za chuma pamoja, ili waya mmoja ukikatika nyingine ziendelee kubeba. Kwa hiyo kamba ya chuma humpa onyo mtu anayeitazama. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kosa la kwanza ni kuichagua kwa unene peke yake. Kamba nyingi huwa na misokoto sita iliyozungushwa moyo wa katikati. Moyo wa katani huifanya kamba iwe laini, lakini haufai penye joto linalozidi digrii 82 za sentigredi. Moyo wa chuma una nguvu zaidi, tena haupondeki upesi kamba inapojiviringisha kwenye ngoma ya kreni. Vilevile, nyaya nyingi nyembamba hupinda vyema juu ya roda, na nyaya chache nene hustahimili msuguano. Kitabu cha mtambo hutaja aina inayotakiwa; hapana budi kifuatwe.

Kosa la pili ni kuchanganya nguvu ya kukatika na mzigo halali. Kwa kamba za kufungia mzigo, kanuni ya kawaida ni kugawanya nguvu ya kukatika kwa 5. Kamba inayokatika kwa tani 20 ina ruhusa ya kubeba tani 4 tu. Tani zinazobaki si akiba ya kutumiwa wakati wa haraka. Ni kinga dhidi ya mshtuko na uchakavu.

Kosa la tatu ni kusahau pembe. Mzigo wa tani 6 ukining'inizwa sawasawa kwa kamba mbili zilizo wima, kila moja hubeba tani 3. Kamba zikiinama hadi digrii 60 kutoka usawa wa ardhi, kila moja hubeba karibu tani 3.5. Zikilala hadi digrii 30, kila moja hubeba tani 6 kamili. Hivyo kamba yetu ya tani 4, iliyokuwa salama, sasa imezidiwa, ingawa mzigo ni uleule.

Hata kamba iliyochaguliwa vyema huzeeka. Kabla ya kazi ikaguliwe kwa macho, na mkono unaoigusa uvae glavu. Kwa kamba inayopita juu ya roda za kreni, nyaya 6 zilizokatika katika urefu wa mzunguko mmoja wa msokoto, au 3 katika msokoto mmoja, zatosha kuiondoa kazini. Iliyopondeka, iliyojikunja kifundo au iliyoliwa na kutu iondolewe pia, wala isifungwe fundo ili iendelee kutumika.

Baadhi yetu hupenda kusema kwamba ajali haina kinga. Hii inayo, nayo ni hesabu na ukaguzi. Uzito hautii amri wala hautambui cheo. Kwa hiyo askari wa cheo cha chini akionyesha waya uliokatika, kamanda hodari husimamisha kazi papo hapo. Kamba hununuliwa nyingine. Askari aliyesimama chini ya mzigo hana badala.