Maumivu Yasiyoisha Baada ya Upasuaji: Rudi Kliniki Kabla ya Kununua Tembe Zaidi

Nyuzi zimetolewa na kidonda kimefunga, lakini miezi minne baadaye mguu uliowekewa chuma bado unauma. Baadhi ya wagonjwa walio katika hali hii huendelea kununua tembe za tramadoli walizoandikiwa walipotoka wodini. Wakazi wanahimizwa kurudi kliniki, kwani dawa hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuwa tatizo la pili.

Kwa nini maumivu hubaki?

Maumivu ya upasuaji hupungua kadiri kidonda kinavyopona. Yakipita miezi 3, huhesabiwa kuwa maumivu sugu, na huwapata angalau mtu 1 kati ya 10 wanaofanyiwa upasuaji. Hutokea zaidi baada ya kukatwa kiungo, kupasuliwa kifua au kuondolewa titi, ingawa upasuaji wa ngiri au wa kujifungua pia unaweza kuyaacha. Mara nyingi chanzo ni neva zilizojeruhiwa: mgonjwa husikia moto, ganzi au kuchomwachomwa kama kwa sindano. Wakati mwingine ni maambukizi au chuma kilicholegea, na hapo tembe huficha tu dalili.

Dawa inavyogeuka

Tramadoli, kodeini, pethidini na mofini ni dawa za jamii ya afyuni. Katika siku za kwanza baada ya upasuaji humsaidia sana mgonjwa, na hapaswi kuziogopa anapopewa na daktari. Zikitumiwa kwa wiki nyingi, mwili huzizoea, na tembe moja iliyotosha huwa haitoshi tena. Kwa wengine, neva huwa nyepesi zaidi kuhisi na dawa yenyewe huzidisha maumivu. Mgonjwa hudhani ugonjwa umezidi, akaongeza dozi. Tramadoli nyingi inaweza kuleta degedege. Dawa hizi pia hupunguza kasi ya kupumua, hasa zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi.

Usiache ghafla

Aliyezitumia kwa wiki kadhaa akiziacha kwa siku moja anaweza kutokwa jasho, kuhara, kukosa usingizi na kuumwa mwili mzima. Hizo ni dalili za mwili uliozoea dawa, wala si tabia mbaya. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, huku akitibu chanzo. Maumivu ya neva, kwa mfano, hutibiwa kwa dawa nyingine kama amitriptilini, pamoja na mazoezi ya viungo.

Unachopaswa kufanya

• Kabla ya upasuaji, mweleze daktari dawa zote unazotumia.
• Unapotoka wodini, uliza utatumia dawa kwa siku ngapi na uzipunguze vipi.
• Usinunue dawa hizi bila agizo la daktari, wala usimpe mtu mwingine zilizobaki. Rudisha masalio kwenye famasia ya hospitali.
• Maumivu yakipita miezi 3, au yakiongezeka badala ya kupungua, rudi kliniki ukiwa na kadi yako na pakiti za dawa. Ukiona usaha, uvimbe au homa, usingoje.
• Mtu akipumua polepole mno au asipoamka anapoitwa, mkimbize hospitalini mara moja.

Anayeona ameshindwa kuacha dawa anaweza kupiga simu ya NACADA, nambari 1192, bila malipo.