Kumi Kwanza, Kisha Mabaki

Askari arudipo nyumbani kwa likizo huletewa daftari la mtoto. Amwonapo akihesabu kwa vidole, hukasirika, pengine akashika fimbo. Mimi nami nilimchapa binti yangu wa miaka 7, na kwa juma zima alilificha daftari kila aliponiona.

Kilichotuokoa ni vizibo 13 vya soda. Nikaviita askari; nikapanga 8 huku na 5 kule. Hawa wanane wapungukiwa na wangapi wapate kuwa kumi? Wawili, akajibu. Akawatoa katika wale watano, wakabaki watatu. Ndugu askari, Kiswahili chenyewe kilimpa jibu: kumi, na tatu. Nao Wachewa wa Malawi na Zambia huvunja hesabu katika majina yake: sita kwao ni tano na moja, saba tano na mbili, hivyo hivyo hadi tisa.

Basi mtoto azijue kwanza jozi zifanyazo kumi: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Azijue kwa kuvishika vizibo.

Jioni ya tatu alikuja mwenyewe na daftari: 9 na 6. Akamhamisha askari mmoja, akanitazama, akasema kumi na tano.